Damu Kwanza, Ndipo Sukari

Ninyi mnaoanza kazi wodi ya watoto wachanga mmekuta mashine ndogo inayosoma sukari ya damu kwa sekunde chache na kukuandikia namba kabisa. Sisi tulikuwa na kopo la vijiti na macho yetu. Unachoma kisigino cha mtoto, unaweka tone juu ya kijiti, unahesabu dakika moja, unafuta kwa pamba, unahesabu tena, halafu unasogea dirishani kulinganisha rangi yake na zile zilizochorwa ubavuni mwa kopo. Manesi wawili wakisoma kijiti kimoja walipata majibu matatu. Na kwa kuwa vijiti vilikuwa adimu, tulivikata kwa mkasi kwa urefu, kimoja kikawa viwili. Mimi nilikuwa bingwa wa kukata. Wenzangu waliniita fundi cherehani.

Naitwa Epifania. Nimekuwa nesi miaka thelathini na moja, mingi yake katika hospitali ndogo ya misheni juu ya Moshi, mahali ambapo asubuhi ukifungua dirisha la wodi unasikia harufu ya migomba iliyolowa. Nimeombwa niwaambie vijana nilichojifunza. Mengi mtayakuta vitabuni. Mimi nitawasimulia habari za mama mmoja wa Uru na wanawe wawili, maana kwao ndiko nilikojifunza kazi hii, na hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote. Inaanza na kosa langu, kwa hiyo mnivumilie.

Siku moja nilikuwa kliniki ya wajawazito, napima tumbo baada ya tumbo. Akaingia mama kijana, mwembamba, kanga imefungwa vizuri, mimba ya miezi saba. Nikamuuliza maswali ya kawaida. Uzao wa ngapi? Wa pili. Wa kwanza yuko wapi?

Akanitazama usoni. "Hunikumbuki, sista?"

"Naona watu wengi, mama. Nikumbushe."

"Ni Adelina. Mwanangu alizaliwa hapa. Alishtukashtuka siku ya pili, ukampa maji ya sukari, akatulia. Siku ya nne ukaturuhusu." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Alikufa akiwa na wiki tano. Walisema ni degedege."

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya tumbo lake. Nikaukumbuka wote, mchana ule wa miaka miwili nyuma. Mtoto mnene, kilo tatu na robo, analia vizuri. Sukari ilishuka mara mbili, nikampa glukosi, ikapanda. Macho yalikuwa na manjano kidogo, nikamwambia mama amwoteshe jua la asubuhi. Nikaandika kwenye cheti: *Hajambo. Mama aongeze kunyonyesha.* Mwandiko wangu mzuri wa shule ya masista.

 Nikasema, "Pole, mama." Yeye akajibu, "Nimeshapoa," kwa namna iliyoonyesha kwamba hajapoa hata chembe.

 Asubuhi yake nikaenda kwa Daktari Kimaro kabla hajavaa koti lake. Daktari Kimaro alikuwa mwanamke wa Machame, mfupi, mkali wa kazi, bingwa wa watoto aliyesomea nje na kurudi wakati wenzake wakitafuta njia ya kubaki huko. Nikamweleza kila kitu, na cheti nikampelekea. Alikisoma mara mbili.

"Mvulana?"

"Mvulana."

"Ulimvua nguo zote?"

 Nilimpima uzito akiwa na nepi. Kulikuwa na baridi, masika, na watoto walikuwa wengi.

Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Akachukua karatasi, akachora kichwa cha mtoto, na chini ya ubongo akaweka nukta. "Hapa kuna tezi ndogo kuliko buni," akasema. "Ndiyo inayotuma amri mwilini. Inatuma homoni ya kukuza mwili, na nyingine zinazoamsha tezi nyingine. Watu wanadhani homoni ya ukuaji kazi yake ni urefu tu. Kwa mtoto mchanga inashikilia sukari ya damu isianguke. Asipokuwa nayo, sukari inaanguka hata kama amenyonya. Manjano hayaondoki. Na akiwa wa kiume, mara nyingi maumbile yake ni madogo kupita kawaida. Tumboni kwa mama anakua vizuri tu, kwa hiyo anazaliwa na kilo zake kamili, na sisi tunadanganywa na kilo."

"Basi ndiyo iliyomuua yule?"

"Sijui. Hakuna aliyehifadhi damu yake. Lakini ugonjwa huu huweza kuwapata ndugu wa tumbo moja. Huyo anayekuja, usimwache atoke mkononi mwako."

Wanangu, hapo ndipo nilipoanza tabia iliyowafanya manesi wa baada yangu waniite mchawi. Kila mtoto mchanga niliyempokea nilimvua akabaki kama alivyoumbwa, hata mvua ikinyesha barafu kutoka mlimani. Nilimpasha joto kwanza, nikafunga madirisha, halafu nikamkagua utosi mpaka unyayo. Niliingiza kidole mdomoni kuona kama kaakaa halina ufa. Nilitazama macho kama yanafuata mwanga. Niliangalia maumbile, na nikiona jambo niliandika, bila kuona haya. Aibu yako isimgharimu mtoto.

Na kisigino mkipashe moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu kabla ya kuchoma, damu itatoka yenyewe. Ukikamua kama unakamua ng'ombe, majibu yanaharibika. Spiriti iache ikauke. Nilimwona nesi mmoja akisoma spiriti yake mwenyewe siku nzima na kupiga kelele kwamba wodi yote imeishiwa sukari.

Adelina alijifungua mwezi wa sita, mchana kweupe. Mvulana, kilo tatu na nusu. Wakamwita Prosper. Nikampasha joto, nikamvua. Nikaona kile ambacho Daktari Kimaro alikisema. Mama mkwe wake Adelina, bibi mmoja mrefu mwenye vidole vigumu vya kuchuma kahawa, alikuwa amesimama nyuma yangu, naye akaona.

"Na yule wa kwanza alikuwa hivihivi," akanong'ona. "Tulificha."

"Mngeniambia, mama."

"Nani anaambia mtu jambo kama hilo?"

Nilipima sukari saa ya kwanza, nikapima kabla ya kila mnyonyo. Siku ya kwanza ilikwenda salama. Siku ya pili, saa tatu asubuhi, nikamkuta ananyong'onyea, jasho kwenye paji la uso, mikono inatetemeka. Kijiti kilitoka cheupe karibu kama kilivyoingia. Sukari chini ya mbili, kiwango cha hatari. Nikakimbilia bomba la sindano lenye glukosi, nikamwekea mshipani, taratibu, kama nilivyofundishwa. Dakika chache akafumbua macho. Nilijisikia shujaa. Nikamwita Daktari Kimaro, natabasamu.

"Damu uliyochukua iko wapi?" akauliza.

"Damu gani?"

Akakaa kwenye kiti cha nesi, akavua miwani. "Epifania, umemwokoa, na umefanya vizuri. Lakini hatujui umemwokoa kutoka kwenye nini. Wakati sukari iko chini kabisa, mwili mzima unapiga yowe, na mtoto mchanga mwenye tezi nzima angekuwa na homoni ya ukuaji imefurika. Dakika ileile ndiyo ya kuchukua damu. Ukishampa sukari, yowe limekwisha na ushahidi umekwenda."

"Basi tungoje ishuke tena?"

"Hatumnyimi maziwa hata mnyonyo mmoja. Itashuka yenyewe. Sisi tuwe tayari."

Nikatengeneza sinia. Kila kitu juu yake: sindano nyembamba, kichupa chenye kifuniko chekundu kilichoandikwa jina tayari, pamba, na pembeni bomba la glukosi limeshavutwa kwa kipimo cha kilo zake. Nikalifunika kwa kitambaa cheupe na kuandika USIGUSE. Nikamfundisha mwenzangu wa zamu: mkono wangu unachukua damu, mkono wako umeshika sukari. Damu kwanza, ndipo sukari, na kati yake isipite hata dakika moja. Mshipa ukikataa, acha damu, mpe mtoto sukari. Uhai wake ni mkubwa kuliko kichupa. Tulifanya mazoezi kwa mwanasesere wa binti yangu, na mwanasesere yule alitobolewa mpaka akatoa pamba.

Sukari haikushuka siku ile wala iliyofuata. Sijui kama mmewahi kungoja jambo baya huku mnaliogopa. Mtoto ananyonya, amenona, ana manjano kidogo tu. Siku ya nne bibi akaja na kanga mpya na kikapu.

"Tunakwenda nyumbani," akasema. "Mtori wa ndizi umeshapikwa. Mzazi anakaa ndani, analishwa, hakai kwenye benchi la hospitali. Mtoto ni mzima. Mnamfunga kwa nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tupe cheti."

Adelina alikuwa ameinama, anakunja nguo za mtoto. Baadaye nilijua kwamba kule nyumbani ilishasemwa kuwa maziwa yake ni mepesi, ndiyo yaliyomuua yule wa kwanza. Tangu hapo alikuwa haongei mbele ya bibi.

Ningeweza kumwita daktari. Ningeweza kujificha nyuma ya sheria za hospitali. Nikamshika bibi mkono, nikamkalisha kitandani.

"Mama, yule wa kwanza, aliyemruhusu ni mimi."

Akanitazama. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Alikuwa mnene kama huyu. Nilitazama kilo zake, nikaandika hajambo. Sikumkagua inavyopasa."

 Mama wa kitanda cha pili aliacha kubembeleza mtoto wake.

"Kwa nini unaniambia?" bibi akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sisi tulikuwa hatujui."

"Kwa sababu leo unaniambia nirudie. Nami sirudii."

 Nilidhani atanilaani, na kwa kweli nilikuwa tayari. Akafungua kikapu, akatoa chombo cha mtori, akampa Adelina. "Kula," akamwambia. Halafu akanigeukia. "Mpaka lini?"

"Mpaka tujue."

"Basi nami nakaa."

Akakaa. Kesho yake, kengele ya saa sita mchana inalia kanisani, ni yeye aliyeniita. "Sista! Njoo, ameanza jasho!" Nilifika na sinia. Kijiti cheupe. Nilipiga magoti, nikaupata mshipa mara ya kwanza, Mungu alinisaidia, damu ikaingia kwenye kichupa, mwenzangu akasukuma sukari. Bibi ndiye aliyeshika mguu wa mtoto usitikisike. Vidole vile havikutetemeka hata kidogo.

Daktari hakungoja majibu. Damu ilipokwisha kuchukuliwa, akaanza kumpa haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni ya kuhimili ugonjwa, akasema tezi ikishindwa jambo moja hushindwa na mengine, na kukosa homoni hiyo kunaua upesi zaidi. Kuanzia jioni ile sukari ikaacha kuanguka kwa kishindo, ingawa ilikuwa bado inayumba.

Kichupa nikampelekea Elinami, mtu wetu wa maabara. Akakizungusha kwenye mashine yake iliyokuwa ikilia kama pikipiki mbovu, akatenga maji ya njano ya juu, akayagandisha. Kipimo chenyewe hakikuwepo kwetu. Daktari Kimaro alikuwa na mwenzake aliyesoma naye, aliyekuwa na maabara Nairobi, na barua ilishakwenda. Elinami akaweka kichupa kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana, akajaza barafu, akapanda basi la asubuhi.

Safari hiyo aliisimulia mpaka anastaafu. Mama mmoja aliyekaa naye aliona anaipakata ile chupa kama mtoto, akamwambia, "Kaka, nigawie chai kidogo, baridi hii." Elinami, ambaye hajui kudanganya, akajibu, "Si chai, dada, ni damu ya mtu." Kiti kizima kilihama. Na mbele na nyuma. Alisafiri amenyoosha miguu kama waziri. Basi likapata pancha Bomang'ombe, wakakaa saa mbili juani, barafu ikaanza kuwa maji. Zamani kidogo, ile miaka ya foleni, angekuta dukani viberiti na chumvi tu. Lakini biashara zilishafunguliwa, kila kibanda kina friji ya soda. Akaingia kwa mwenye duka mmoja, akamweleza. Mwenye duka akakwangua barafu ya friji yake yote kwa kisu, akamjazia mpaka shingoni, akakataa asante. "Nenda tu," akasema, "mtoto anangoja."

Majibu yalikuja kwa simu ya ofisi baada ya siku kadhaa. Daktari Kimaro alikuwa anaandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Alipoweka simu chini akanionyesha mkono. Homoni ya ukuaji ilikuwa karibu na hakuna. Na ile nyingine, ambayo haidrokotisoni inashika nafasi yake, ilikuwa chini vilevile.

"Tumeipata," akasema. Kisha, mtu mkali kama yule, akanishika mabega akanitikisa. "Epifania, tumeipata!"

Mnajua, katika miaka yangu yote sijapewa medali. Lakini nimewahi kusimama ofisini na kusoma kiganja cha daktari kikiniambia kwamba mimi, fundi cherehani wa vijiti, nimechukua damu dakika ileile iliyotakiwa. Sitaki medali.

Tukaenda kumweleza Adelina. Daktari alichora tena kile kichwa na ile nukta. "Hii tezi haitumi amri. Amezaliwa hivyo. Tutampa kwa dawa kile inachoshindwa kutuma."

Adelina akauliza swali moja. "Na maziwa yangu?"

"Maziwa yako hayana kosa lolote. Ndiyo yaliyomfikisha hapa."

Alikuwa hajalia siku zote zile, wala kliniki siku ile. Sasa alilia kwa sauti, mwili mzima, na bibi akamvuta kifuani akawa anasema kwa Kichagga maneno ambayo sitayatafsiri, kwa sababu yalikuwa ya kuomba msamaha na si yangu.

Msidhani kujua ugonjwa ni mwisho wa kazi. Dawa ya kwanza, haidrokotisoni, ilikuwepo. Ya tezi ya shingo, ambayo nayo huamshwa na ile ya ubongoni, aliongezewa baadaye. Homoni yenyewe ya ukuaji haikuwepo katika duka lolote la dawa mjini, na Daktari aliandika barua nyingi sana kwa madaktari wa nje aliowahi kusoma nao, mpaka mmoja akaanza kutuma boksi. La kwanza lilifika Prosper akiwa na miezi kumi. Kuna vipindi liligoma kuja, akakosa miezi kadhaa, tukabaki kumpa uji usiku asilale na njaa ndefu, na kupima, na kuomba.

Dawa ilitaka ubaridi, na nyumbani kwao hapakuwa na friji. Jirani mwenye duka akawapa nafasi katikati ya soda, boksi limeandikwa jina la mtoto, na wanywaji wote wa soda wa kitongoji kile walijua kwamba anayeligusa atakutana na bibi. Sindano ilikuwa ya kila jioni. Adelina alijaribu, mkono ukamkatalia. Bibi akasema, "Lete. Ng'ombe wangu wote nawachoma mwenyewe."

"Ng'ombe ana ngozi ngumu, mama," nikamwambia. "Huyu taratibu."

"Unadhani sijui tofauti ya ndama na mjukuu?"

Alijifunza kwa siku mbili. Alichoma vizuri kuliko wanafunzi wangu, nawaambia bila kuwaficha. Adelina alizaa tena, binti, na tukampima sukari tangu saa ya kwanza. Yeye tezi yake ilikuwa nzima.

Tulipata wengine kama Prosper? Wachache sana. Ugonjwa huu ni nadra, na wengi mtakaowaona na sukari ya chini wana sababu nyingine: wamezaliwa kabla ya wakati, wana maambukizi, hawajanyonya. Lakini sinia lile lilibaki wodini mwetu, na nilipoondoka lilikuwa bado lipo, limefunikwa.

Mwaka Prosper alipotimiza saba, Adelina alinitumia salamu nifike shule ya msingi ya kwao siku ya kuandikisha. Nilikuwa likizo, ila nilivaa sare, nyeupe, nimeipiga pasi. Ninyi wa cheti cha kuzaliwa mtacheka. Siku hizo mwalimu hakuamini karatasi sana. Alimwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, unaingia darasa la kwanza. Usipolifikia, unarudi nyumbani mwaka mzima, na wenzako wanakupita na vitabu.

Watoto walipanga mstari. Prosper alikuwa mfupi kuliko waliomtangulia, sitasema uongo, kwa ile miezi tuliyokosa dawa. Mwalimu akamtazama, akatazama daftari.

"Huyu mngoje mwakani," akasema.

"Mjaribu," bibi akasema.

Prosper akainua mkono wa kulia. Ukapita juu ya utosi, polepole, vidole vikatambaa kwenye nywele. Adelina alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu mpaka kikauma. Vidole vikafika juu ya sikio, vikasimama. Akanyoosha shingo, hapana, hakuinamisha kichwa kama wengine wanavyoiba, alikinyoosha. Akalishika. Akalivuta mpaka likawa jekundu.

Mwalimu akachukua kalamu. "Ana miaka mingapi kweli?"

Bibi akasogea mpaka mezani, mrefu kama alivyokuwa siku ile ya kwanza, akaweka kidole chake kigumu juu ya daftari, penye mstari mtupu.

"Saba na mwezi mmoja," akasema. "Andika."

Mwalimu akaandika.